Chumvi ya Kuomba

Uliniuliza, binti wa chuo, karatasi gotini,
kwa kipimo cha sifuri hadi tano
nimebadilika kiasi gani tangu Mbwemkuru uingie ndani.
Nikakwambia andika tatu.
Maswali yalikuwa mengi na jua lilikuwa linakwenda.

Sasa umeondoka. Napepeta mbaazi,
na ile tatu yako imenikaa mdomoni
kama punje ya mchanga kwenye wali.

Ungeanza kwa kuuliza nilikuwa nani.

Nilikuwa mtu wa komeo.
Miaka kumi na tisa hapa Namileche
sikuwahi kumtuma mtoto kwa jirani na kikombe kitupu.
Chumvi ikiisha, tulikula chapwa, tukanyamaza.
Somoe Mkanachapa, ukuta kwa ukuta na mimi,
alikuwa akicheka mpaka kuku wanaruka uani.
Aliomba moto, aliomba ungo, aliomba hata habari.
Nikisema moyoni: huyu hana haya.

Usiku ule maji hayakupiga hodi.
Yalikuja kwa sauti ya gunia linaloburutwa,
gunia moja, kisha magunia ya ghala zima.
Nikampakata Zamda, nikapanda juu ya kinu.
Mlango ulikuwa umevimba,
na komeo langu, nililolinunua Lindi mjini kwa fedha ya korosho,
komeo la kuzuia watu,
likakataa kunitoa.

Aliyelivunja ni Somoe,
kwa mchi, maji yakimfika kifuani,
akinitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia.

Siku kumi na saba tulilala darasa la nne,
chini ya ramani ya Afrika iliyochanika Kongo.
Sitakudanganya kwamba wote walikuwa wema.
Blanketi la Bi Awena liliibwa na mtu tuliyemjua.
Orodha ya mwenyekiti iliruka majina.
Lakini Chilumba, yule mgomvi wa mipaka,
ambaye mimi na yeye hatukusalimiana tangu mbuzi wake ale mihogo yangu,
alichimba vyoo usiku kucha, peke yake,
asubuhi akarudi kugombana.
Wanawake wakaingia porini kuchimba ming'oko.
Nikaletewa sahani. Nikaigeuzia ukuta.
Siku ya pili Zamda akala mbele yangu,
akalamba vidole, akaniuliza:
"Mama, wewe unamwonea aibu nani?"

Nikala.
Nadhani hapo ndipo ungeweka alama yako,
kama karatasi ina nafasi ya mtu kula.

Na kuna jambo ambalo halikuwa kwenye maswali.
Mama yake Somoe alikuwa chumba cha nyuma, hawezi miguu.
Muda ule wa mchi na komeo,
muda wa kuchemsha chai, hauzidi,
ulikuwa wa mama yake.
Tunajua sisi wawili. Hajawahi kulitamka.
Ila mcheshi amezima,
na mimi, bubu wa mtaa, sasa nasalimia hadi wapita njia.
Usiniambie ndiko kukua.
Pengine nimevaa tu sauti yake
kama nilivyovaa kanga yake pale darasani.

Mvua ikigonga bati bado naketi kitandani, miguu nimeipandisha.
Kukipambazuka namtuma Zamda kwa Somoe
na kikombe kitupu, akaombe chumvi.
Ndani ninayo, kilo mbili, kwenye ndoo yenye mfuniko.
Lakini kikombe kikibisha, lazima mtu aamke,
afungue dirisha, atafute kijiko, aulize kumekuchaje.

Jana alikuja mwenyewe mpaka kwenye uwazi
uliokuwa mlango wangu. Sijaweka mwingine, natundika mkeka.
Akasimama, kiko kikombe mkononi.
"Nyinyi watu," akasema, "mnakula chumvi kama ng'ombe."

Kikampita kitu kooni.
Hakikuwa kicheko, bado.
Ila kuku, uani,
waliinua vichwa.